Kichwa cha Gia Kilichogoma Kutoka

Plastiki kuukuu ikipasuka hutoa sauti kavu, kama kijiti kinachovunjwa gotini. Nimeisikia mara tatu ndani ya magari ya watu walioniita nisaidie, na mara zote tatu kilichopasuka kilikuwa kichwa cha gia ambacho chenyewe hakikuwa na ubovu wowote. Wenye magari walikuwa wanatafuta kitu kingine kabisa kilicho chini yake. Mmoja alitaka kubadilisha balbu inayomulika herufi za P, R, N na D. Mwingine alitaka kushona upya mfuko wa ngozi uliochanika. Wa tatu alitaka kuzifikia bushi za mkono wa gia zilizokwisha. Kichwa kilikuwa mlango tu wa kupitia, lakini mlango ukigoma mtu husahau alichokuwa anakiendea. Huvuta, huzungusha, kisha hutafuta nyundo. Kwenye gari jipya hasara yake ni safari moja ya dukani. Kwenye gari la miaka 40 au 60, kichwa hicho huenda ndicho cha mwisho kilichobaki mjini.

Gerejini swali la kwanza huwa ni nguvu kiasi gani itumike. Naamini swali hilo linapaswa kuja la tatu. La kwanza ni kichwa kilishikizwa na nini kilipotoka kiwandani. La pili ni kitu gani kimekuja baadaye kikaongeza mshiko. Ukishayajibu hayo mawili, unajua nguvu ielekee wapi na ijibiwe na nini, na mwelekeo wa nguvu una uzito kuliko wingi wake. Kichwa kinachotakiwa kuvutwa juu hakitatoka kwa kuzungushwa hata ukiwa na mabega ya mpagazi wa bandarini. Utakachofanikiwa ni kukata kile kilichokuwa kinakishika.

Magari ya otomatiki yanahitaji mjadala wake peke yake, kwa sababu kichwa chake cha gia si tufe la kushikia tu. Kwenye gari la gia za mkono, mara nyingi kichwa hufungwa kwa hesi, yaani tredi, juu ya fimbo ngumu, na basi. Kwenye otomatiki kimepewa kazi ya usalama. Giaboksi ya kwanza ya otomatiki kamili kutengenezwa kwa wingi ilikuwa Hydra-Matic ya General Motors, iliyokuja na magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Kwa miaka mingi baada ya hapo mkono wa gia ulikaa kwenye nguzo ya usukani. Viti vya mbele vilipotenganishwa, na paneli ya katikati ikawa mtindo mwanzoni mwa miaka ya 1960, mkono ukashuka sakafuni, mahali ambapo goti la dereva, mkoba au mtoto mchezaji anaweza kuusukuma.

Hatari hiyo haikuwa ya kubuni. Baadhi ya giaboksi za General Motors ziliwahi kupanga nafasi zake kwa utaratibu wa P, N, D, L, R, gia ya kurudi nyuma ikiwa jirani wa gia ya chini ya kwenda mbele. Mwanasheria wa Marekani Ralph Nader aliushambulia mpango huo katika kitabu chake Unsafe at Any Speed cha mwaka 1965, na kuanzia mwaka 1968 kanuni ya usalama ya Marekani ikataka nafasi ya N ikae kati ya kwenda mbele na kurudi nyuma. Mpangilio wa herufi ulitatua nusu ya tatizo. Nusu ya pili, ya kuuzuia mkono usihame bila kukusudiwa, ilipata majibu ya aina mbili, na majibu hayo ndiyo yanayotuhusu leo, kwa kuwa ndiyo yaliyoamua kichwa kishikwe vipi.

Jibu la kwanza ni kitufe. Dereva anakibonyeza, kinasukuma au kuvuta ufito mwembamba unaopita ndani ya mkono wa gia, na ufito unaondoa pini kwenye kikato chake huko chini. Maana yake mkono wenyewe ni bomba, una uwazi katikati, na kichwa kina springi, bushi ndogo na njia ya kitufe. Jibu la pili ni lile la Mercedes-Benz: hakuna kitufe, bali mkono unapita kwenye njia yenye kona, na kuutoa P ni lazima usogezwe pembeni pia. Kichwa cha namna hiyo hakina kazi ya ndani. Kinaweza kusindikwa tu juu ya mkono kikashikwa kwa kubana.

Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, angalia kama kuna kitufe. Hapa pekee umeshapata nusu ya jibu.

Tuanze na visivyo na kitufe. Kwenye Mercedes za miaka ya 1980, W124 na W126 kwa mfano, kichwa cha otomatiki huvutwa wima kuelekea juu. Hakina hesi. Kinachokishika ni mbano wa plastiki ngumu juu ya ncha ya mkono iliyotengenezwa kwa umbo la kuzuia kisizunguke, na umbo hilo ndilo linalowaponza watu wengi. Mtu anajaribu kukizungusha, kinakataa, anadhani ni kutu, anaongeza koleo, na meno ya ndani yanakatika. BMW nyingi za enzi hizo nazo zinataka mvuto wa juu usio na mzunguko. Nguvu inayohitajika hata kikiwa kizima inashangaza: ni ya mtu anayenyanyua karibu mfuko mzima wa saruji. Watu huvuta kwa nusu ya nguvu hiyo, kichwa kikabaki palepale, wakahitimisha kimegoma. Hakijagoma. Hakijavutwa bado.

Vyenye kitufe ni kundi lenye mambo mengi zaidi. Ford Mustang za awali zenye otomatiki zina kishikio cha umbo la herufi T, kitufe kikiwa upande mmoja, na nyuma yake springi na bushi ndogo ya plastiki ambayo huwa imesagika. Magari mengi ya Marekani ya aina hii hutumia skrubu ndogo isiyo na kichwa, ya kufunguliwa kwa alenki, iliyofichwa chini ya kishikio au upande usioonekana na dereva. Miaka 50 ya jasho, vumbi na soda iliyomwagika huifunika kabisa. Kwa macho ni doa jeusi tu. Chukua sindano ya kushonea na tochi, kwaruza polepole kuzunguka shingo yote ya kichwa, na mara nyingi utalipata tundu ambalo mafundi watatu waliokutangulia hawakuliona. Vipo pia vinavyoshikwa kwa pini inayopita kukatiza mkono, na vingine kwa klipu ya chuma chembamba umbo la kiatu cha farasi.

Toyota, gari ambalo Mwafrika Mashariki analijua kuliko mengine yote, mara nyingi huweka skrubu mbili ndogo za nyota kwenye shingo ya kichwa, upande wa mbele au chini. Hilo ni rahisi. Kisichokuwa rahisi ni kile kitufe kidogo cha pembeni kilichoandikwa O/D. Otomatiki zenye gia ya nne ya kupunguzia mzunguko wa injini zilianza kuenea kwa Toyota kuelekea mwisho wa miaka ya 1970, na swichi yake ikawekwa kichwani, na nyaya zake zikashuka kando ya mkono au ndani yake. Ukikivuta kichwa hicho kwa ghafla au kukizungusha mara mbili, nyaya zinakatika mahali usipopaona, na gari linabaki na gia ya juu ambayo ama haizimiki ama haiwaki. Tafuta kiunganishi cha nyaya chini ya paneli kwanza, kifungue, ndipo urudi juu.

Mwisho wa orodha ni vile vilivyofungwa kwa hesi hata kwenye otomatiki, mara nyingine na nati ya kukaza chini yake, na vile vya kununuliwa baadaye ambavyo mwenye gari wa zamani alivipenda akaviweka. Hivi vya baadaye viogopwe. Vinakuja na historia isiyoandikwa popote.

Hapo tunaingia kwenye swali la pili, la kilichoongeza mshiko, ambalo naliona ndilo kiini cha jambo zima.

Kutu ndiyo inayolaumiwa kila mara, na ni kweli inashika, kwa sababu kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, mara mbili na zaidi. Chuma kilichokuwa na upenyo mdogo wa kupumulia kinajikuta kimejazwa na kusukumwa kutoka ndani. Lakini ndani ya gari mvua hainyeshi, na kutu tupu si mkosaji wa kila siku. Mkosaji ninayemwona zaidi kwenye magari yaliyokaa Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au Unguja ni ndoa ya madini mawili. Kichwa kina kiini cha alumini au zinki, mkono ni wa chuma. Weka unyevu wenye chumvi katikati yake, chumvi ya hewa ya bahari au ya jasho la kiganja, na umetengeneza betri ndogo. Katika betri hiyo alumini ndiyo inayoliwa. Unga wake mweupe unajaa kwenye hesi na kukauka kama saruji. Tofauti na kutu nyekundu, unga huu hauonekani kwa nje, na mafuta ya kulainisha yanaupenya kwa shida sana.

Mkosaji mwingine ni mkono wa binadamu. Hesi za magari ya Kimarekani ya zamani ni za inchi, za Kijapani na Kijerumani ni za milimita. Inchi 5/16 ni milimita 7.94, na M8 ni milimita 8. Kwa kidole hazitofautiani. Lakini hatua ya hesi ya inchi 5/16 ya kawaida ni milimita 1.41, na ya M8 ya kawaida ni 1.25. Mizunguko miwili ya kwanza inaingia vizuri, wa tatu unabana, na mwenye gari anafurahi kuona kimekaza. Kumbe amezisaga hesi zote mbili zikawa kitu kimoja. Kichwa cha namna hiyo hakifunguki kwa dawa yoyote iliyopo kwenye kopo. Njia iliyobaki ni kukirudisha nyuma taratibu, nusu mzunguko kwenda, robo kurudi, na kukubali kwamba hesi za mkono zitahitaji kukatwa upya.

Halafu kuna gundi. Kichwa kikilegea na kuanza kuzunguka, tiba ya haraka ni tone la supaglu, au araldite kwa mwenye subira, au ile gundi ya nati ambayo mkemia Vernon Krieble aliivumbua mwaka 1953 kule Hartford, Marekani, na ambayo tunaiita Loctite hata ikiwa ya kampuni nyingine. Kila moja ina udhaifu wake na ndiyo maana inafaa kujua ni ipi. Supaglu hulegea kwenye joto la nyuzi 80 hadi 100 hivi, na asetoni huiyeyusha. Gundi ya nati ya bluu hukubali spana ya kawaida. Ile nyekundu inataka kama nyuzi 250, na hapo lazima tuseme ukweli: plastiki ya vichwa vingi huanza kulainika karibu na nyuzi 100. Hakuna namna ya kukiokoa kichwa cha plastiki kilichofungwa kwa gundi nyekundu kwa kutumia joto. Ukiyajua hayo mapema unajiepusha na jioni nzima ya kupoteza muda na kuichoma paneli.

Mwisho ni uzee wenyewe. Plastiki na mpira hukaa miongo kadhaa juani, mafuta yake ya ulaini yanatoka, vinasinyaa na kuukumbatia mkono. Hakuna kutu, hakuna gundi, kuna kukumbatiana tu. Hiki ndicho kisa cha Mercedes nyingi, na dawa yake ni nyepesi kuliko zote.

Dawa hiyo ni joto la wastani. Draya ya saluni inatosha kwa plastiki, dakika kumi bila haraka, ukiisogezasogeza, na kiganja chako kikiwa kipimo: kama kichwa hakishikiki kwa sekunde tano, simama. Bunduki ya joto ya kuchuna rangi inapita nyuzi 500, na juu ya plastiki ni silaha ya kuangamizia. Mbao zina masharti yake, kwa kuwa joto kavu la ghafla huzipasua na kuinua vanishi. Ngozi husinyaa. Bakelaiti ya magari ya kale zaidi haiyeyuki lakini huungua na kubomoka bila onyo.

Kwa vichwa vyenye kiini cha alumini joto lina kazi nyingine, na hapa hesabu ndogo inasaidia. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Chukua mkono wa kipenyo cha milimita 10 na upashe moto pamoja na kiini chake kwa nyuzi 60 zaidi ya joto la hewa. Tundu la alumini litaongezeka kama milimita 0.014, chuma kama 0.007. Nafasi iliyopatikana ni takribani sehemu ya kumi ya unene wa unywele. Ni ndogo, ila inatosha kuuvunja ule unga mweupe na kufungulia njia mafuta. Kipashe, kiache kipoe, tia mafuta, kipashe tena. Mizunguko mitatu ya subira hufanya kazi kuliko mzunguko mmoja wa moto mkali. Funga kitambaa chenye maji kwenye mkono chini ya kichwa ili joto lisishuke hadi kwenye kioo cha plastiki chenye herufi.

Kwa plastiki nene mimi hugeuza mpango. Plastiki haipitishi joto vizuri, kwa hiyo kuichoma kwa nje ni kuiumiza kabla ndani hakujajua kitu. Bora kuugusisha mkono wenyewe, sentimita mbili chini ya kichwa, na pasi ya kulehemu ya mafundi redio. Chuma hupandisha joto taratibu hadi kwenye kiini, na supaglu ikiwepo italainika kutoka ndani. Kwa njia hii kitambaa chenye maji hukaa chini ya pasi.

Kuhusu mafuta, WD-40 ndiyo inayoshikwa kwanza kila mahali. Ilitengenezwa San Diego mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji na kuzuia kutu, na kazi hiyo inaifanya vizuri. Kupenya hesi zilizoshikana ni kazi nyingine, na mafuta yaliyotengenezwa mahususi kwa kupenya huishinda. Mafundi wengi huchanganya asetoni na ATF, yale mafuta mekundu ya giaboksi ya otomatiki, nusu kwa nusu. Mchanganyiko huo unapenya kweli, lakini asetoni hula plastiki ya ABS na rangi, na hushika moto kwa urahisi mno. Usiutie karibu na draya inayowaka, na kwenye kichwa cha plastiki usiutie kabisa. Tena kumbuka kwamba kwenye vichwa vyenye kitufe mkono ni bomba. Ukipuliza dawa kwa kopo, nusu yake itashuka hadi kwenye balbu, swichi na nyaya. Tumia bomba la sindano, tone moja moja kwenye shingo, na uache usiku mzima. Usiku mzima ni kiungo cha dawa hiyo kama mafuta yenyewe.

Sasa ndipo nguvu inapokuja, na ina kanuni moja ninayoishikilia kuliko zote: nguvu izunguke kati ya kichwa na mkono wa gia tu, isitoke nje ya hapo.

Fikiria mtu anayekipindua kichwa kwa koleo kubwa bila kuushika mkono. Nguvu yake inashuka hadi kwenye egemeo la chini, inaingia kwenye bushi za plastiki ambazo kwenye Mercedes za zamani huwa tayari zimekwisha, na inapinda ufito wa kitufe. Au fikiria anayeingiza bisibisi chini ya kichwa na kuegemeza kwenye paneli ya katikati ili akinyanyue. Paneli ya miaka 40 ni kavu kama biskuti. Kichwa kinaweza kutoka kweli, huku paneli ikiwa na ufa, na paneli ni ghali kuliko kichwa. Mafanikio ya namna hii ndiyo yaliyoharibu magari mengi mazuri.

Njia sahihi ni kuukamata mkono kwa praisi ya kujifunga, vizgripu, ukiwa umeuzungushia kipande cha ngozi au bati laini la shaba usichubuke, karibu kabisa na kichwa. Kama kichwa ni cha hesi, mkono mmoja unashika praisi na mwingine unazungusha kichwa kilichofungwa mpira wa tairi la baiskeli; msokoto wote unaishia kwenye sentimita tatu za chuma. Kama ni cha kuvuta, weka mdomo wa spana bapa kati ya praisi na kichwa, kisha uinyanyue kidogo kidogo ukizunguka pande zote. Praisi inasukumwa chini, kichwa kinasukumwa juu, na paneli haiguswi. Pula ndogo ya miguu miwili inaonekana kuwa na akili zaidi, ila kwenye vichwa vyenye kitufe juu, ncha yake huukandamiza ufito, na ufito uliopinda ni kazi ya siku mbili.

Asiye na praisi atumie kamba. Kitanzi chembamba cha katani chini ya shingo, ncha mbili zikipandishwa sawia hadi kwenye kipande cha mpini wa jembe, mikono miwili juu yake, na mvuto wa wima usioegemea upande. Hapa naomba msomaji anisikilize kwa makini. Kichwa kinachohitaji nguvu kama hiyo hakitoki polepole. Kinaachia kwa mara moja, na chochote kilicho juu yake kinapigwa: kidevu, meno, kioo cha kati, kioo cha mbele. Kaa kiti cha abiria, geuza uso pembeni, weka mto au taulo lililokunjwa kati ya mikono na dari. Kabla ya hapo breki ya mkono iwe juu, magurudumu yawekewe kabari za mbao mbele na nyuma, injini iwe imezimwa, na mkono uvutwe hadi gia ya chini kabisa ili uwe mbali na dashibodi. Kabari si mapambo. Bila kabari, mkono ukishatoka P, breki ya mkono ya gari la zamani ndiyo pekee inayolizuia.

Na kikigoma baada ya yote hayo? Ni lazima kuchagua nani afe, kichwa au mkono. Jibu langu ni kichwa, karibu kila mara. Mkono umeungana na giaboksi, na kosa lake linaweza kulipeleka gari nyuma wakati dereva anadhani liko P. Ninajua uchungu wa uamuzi huo. Kwa mtu anayeandaa gari kwa ajili ya Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, Nairobi, ambako waamuzi huingiza vichwa vyao hadi ndani, kichwa cha asili kina thamani isiyopatikana kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road wala Gerezani. Ndiyo maana kabla ya kukata napima kila upande, napiga picha kwa mwanga wa pembeni ili maandishi yaonekane, na kama kuna muda nachukua umbo lake kwa silikoni. Kutoka kwenye umbo hilo fundi wa resini anaweza kukirudisha.

Kukata kwenyewe kufanywe kwa wima, kwa jani jembamba la msumeno wa chuma, upande usioonekana na dereva. Angalia unga unaotoka. Ukiwa wa rangi ya plastiki, endelea. Ukianza kumeta, umefika kwenye kiini, simama. Ingiza bisibisi bapa kwenye mfereji uipindue, plastiki itafunguka kama ganda la karanga, na kiini kitakachobaki kinashikika kwa praisi na kinavumilia joto kali, ikiwemo lile la gundi nyekundu, ilimradi umeshatoa mfuko wa ngozi na plastiki zote zilizo jirani.

Kurudisha kunataka umakini uleule. Unga mweupe usuguliwe kwa brashi ya waya, hesi zisafishwe, grisi kidogo ipakwe ili yale madini mawili yasikutane tena bila kizuizi. Gundi isitumike, kichwa kilicholegea kwenye hesi hukazika kwa mizunguko miwili ya utepe mweupe wa mafundi bomba. Kisha bonyeza kitufe na kukiachia mara kadhaa, usikilize pini ikirudi kwenye kikato. Magurudumu yakiwa bado na kabari, jaribu kuutoa mkono P bila kubonyeza: ukitoka, kazi haijaisha na gari lisiwashwe. Ukikataa, jaribu ufunguo kwenye R na D, ambako injini haipaswi kushtuka, halafu kwenye P na N.

Kabla ya kufunga paneli huwa nakata kipande cha utepe wa karatasi, naandika kwa wino usiofutika na kukibandika upande wa ndani, mahali ambapo mkono ujao utapaona kwanza, jinsi kinavyotoka, kwa mfano: KINAVUTWA JUU, HAKIZUNGUSHWI. Chini yake naweka tarehe.